Lazima au Hiari

Dalali wetu anaitwa Glenys.
Ofisi yake iko juu ya duka la viatu, Northampton,
ina mkebe wa biskuti ambazo yeye mwenyewe hali.
Nilipopanda ngazi zile niliubana mkoba kwapani:
kwetu dalali hukuonyesha chumba cha mtu,
hupokea kodi ya mwezi, kisha simu yake haipatikani.
Huyu hana chumba. Anauza deni.
Anayajua mabenki kama muuza nyanya anavyojua
ipi imeiva, na ipi imenyunyiziwa maji tu ing'ae.
Analipwa na benki; alisema mwenyewe, hatujauliza.
Na sisi tutamlipa pauni mia tatu, siku ya funguo.

"Riba hii ni nne na nusu, imefungwa miaka miwili.
Hii ni tano kasoro, imefungwa mitano.
Na hii" (akaigusa kwa ncha ya kalamu)
"inaelea. Benki Kuu ikipandisha, nayo inapanda,
na nyinyi mnazima hita, mnajifunika blanketi."

Mbonea, mume wangu, akauliza:
kinachofungwa ni riba, au ni sisi?
Glenys hakucheka.
"Vyote viwili," akasema. "Mkitoka kabla ya muda, kuna faini."

Akajumlisha mishahara yetu, wangu wa kulea wazee,
wake wa ghala la usiku,
akazidisha mara nne na nusu.
Tukaona nyumba. Vyumba vitatu,
kimoja na kidirisha kinachotazama reli.
"Lakini benki haiulizi kama mtaweza leo.
Inauliza: riba ikifika nane, mtakula nini?"
Maharage, nikasema.
Hakuandika.

Kisha taarifa za benki, miezi mitatu, na kalamu ya manjano.
Nazi ya kopo. Nauli. Mchango wa harusi
ya mtu nisiyemjua sura.
Kalamu ikasimama.
"Kila tarehe tatu, pauni tisini. Nakiete ni nani?"
Mama yangu.
"Ni lazima, au ni hiari?
Ikiwa hiari, hesabu inabaki hivi.
Ikiwa lazima, zinatoka elfu kumi na tano."

Sisi wa Upareni tunasemwa sana kwa senti.
Nikaitafuta senti ndani yangu, ijibu.

Mama alijenga Usangi kwa miaka kumi na mmoja.
Msingi uliota nyasi, mbuzi wa jirani akazalia sebuleni
kabla sebule haijapata ukuta.
Bati alinunua mbili mbili, akizilaza chini ya kitanda.
Siku ya kuhamia hakudaiwa na mtu,
ila mgongo ulikwisha kupinda.
Huku unahamia kwanza, mgongo umenyooka,
halafu ndipo unaanza kujenga,
miezi mia tatu na sitini.
"Kukopa harusi," huniambia kwenye simu,
na hamalizii, ananiachia matanga niyaseme mimi.

Mbonea alikuwa anatazama viatu vyangu.
Hakusema kitu. Alisema hiari.

Lazima, nikasema.

Glenys akabonyeza. Hakunisifu, hakunilaumu.
Chumba cha tatu kikatoka kwenye skrini
pamoja na reli yake.
Akachukua biskuti, mara ya kwanza, akaivunja.
"Kuna benki ndogo Yorkshire," akasema,
"faili zao bado zinasomwa na mtu. Nitawaandikia."

Tumehamia Machi. Nyumba ina baridi ya kabati.
Mama akapiga: "Mmenunua, au mmepanga?"
Nikaanza kumweleza, kufungwa, kuelea, miaka mitano,
nikasikia kuku wake akimpita miguuni.
Akanikatiza: pana mahali pa mchicha?
Nikatoka na simu sikioni, nikapima.
Hatua nne, ya tano imegonga uzio.
Papo, mama. Padogo.